Nyama ya Kipande cha Saba

Mama yangu alikuwa mgumu wa kusifu. Siku nilipofaulu mtihani wa serikali alisema tu, "Ni muzuri, sasa osha masahani." Lakini nyama ya Nzilo, kule kwenye bwawa la umeme, aliisifu mbele ya watu. Alisema ukiitia sufuriani haitoi povu, hainyauki, na mchuzi wake hauhitaji kudanganywa kwa nyanya nyingi. Nyama ya friji, ile iliyoletwa na malori kwenye kantini ya kampuni, aliiita nyama ya maiti. Aliwahi kuitaja hivyo mbele ya jirani aliyekuwa ametoka kuinunua, na baba akajifanya anakohoa.

Nyama ya Nzilo ilifika Kapata, mtaa wetu wa wafanyakazi wa kampuni, Jumamosi asubuhi, juu ya baiskeli. Aliyeileta alikuwa mzee mmoja mwenye asili ya mkoa wa Kasai, mrefu, mwenye masikio makubwa, ambaye alikuwa amefanya kazi ya kulinda nyaya za umeme kwenye bwawa mpaka akastaafu. Baba yangu, karani wa ofisi ya bwawa, alimfahamu tangu ujana. Zamani hizo, kila kiangazi moto wa porini ulianzia kwenye majani marefu ya kando ya ziwa, ukachoma nguzo, kisha ukaingia msituni na kula miti. Mzee alipostaafu aliwaomba wakubwa wa bwawa ruhusa ya kulisha ng'ombe wake pale, chini ya nyaya na kando ya maji. Wakakubali. Ng'ombe wangekula majani, na moto ungekosa chakula.

Watu walidhani ng'ombe wale wanazurura tu. Hawakuzurura hata siku moja. Mzee aliigawa ile ardhi vipande saba. Kila kipande kililiwa kwa siku zake mpaka majani yakawa mafupi, kisha kikafungwa, kwato zisikanyage tena hadi majani yapate nguvu. Vipande vilivyopakana na msitu vililiwa mapema, kabla kiangazi hakijakolea, ili moto ukija ukute uwanja mtupu. Kipande cha saba kilikuwa peke yake ng'ambo ya dembo, yaani bonde la matope ambalo halikauki hata mwezi wa nane. Hicho aliacha majani yake yarefuke, yawe akiba ya siku ngumu. Ndani ya miaka michache msitu wa Nzilo ulirudi. Uyoga ulirudi, na masuku pia, yale matunda tuliyoyaokota hadi vidole vikanata.

Kwa hiyo mzee hakuuza kwa kufuata njaa yetu. Alichinja mmoja kwa juma, na juma jingine hakuchinja kabisa. Hata hivyo alikuja, na baiskeli tupu, kutuambia.

"Poso hii hakuna, mama," alimwambia mama yangu mlangoni, maana kwetu juma huitwa poso. "Majani ilichelewa, bangombe habayanona."

"Tata, umekanyaga baiskeli nusu siku kutuletea habari ya njaa?"

"Nisipokuja mutasema nilienda kuuzia bengine."

Siku za nyama alitueleza ng'ombe wa leo alikula wapi. Kipande cha tatu, karibu na maji. Kipande cha tano, penye vichuguu. Mama alimjibu kwamba yeye ananunua nyama, hanunui safari zake. Lakini akiingia ndani alituhadithia habari hizohizo neno kwa neno, utadhani yeye ndiye aliyechunga.

Maini hayakuuzwa kwa aliyewahi. Yalikwenda kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, kutoka mwanzo wa safu yetu hadi mwisho. Hakuna aliyeandika zamu hiyo mahali popote, na sikumbuki watu wakigombana kwa ajili yake.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzana. Mgodi ulikuwa umeanza kufa, mishahara haikuonekana, na mikutanoni watu walielezwa kwamba kazi yetu na nyumba zetu zimeliwa na watu wa Kasai. Wakaanza kuitwa bilulu, wadudu, kwa sauti, mchana, sokoni, na watu waliosali nao kanisa moja. Vijana wenye mapanga wakapita nyumba hadi nyumba. Sisi asili yetu ni Katanga ya kaskazini, kwa hiyo hakuna aliyetugongea. Sijisifu kwa lolote la mwaka ule. Hatukumfukuza mtu, na hatukumficha mtu. Tulifunga mlango na kupunguza sauti ya redio.

Jumamosi moja zamu ya maini iliangukia nyumba ya nne, ya watu wa Kasai, ambayo ilikuwa tupu tangu Jumatano, madirisha yameng'olewa. Mzee aliyafunga maini kwenye majani ya mgomba, akayaweka kando, akaendelea kuuza. Watu walinunua bila kumtazama usoni. Ilipofika saa sita aliyatundika maini kwenye usukani na kuyapeleka mwenyewe stesheni ya treni, ambako watu wa Kasai walikuwa wamekusanyika kungoja mabehewa ya kuwarudisha kwa mababu zao. Wengi wao walikuwa hawajawahi kufika huko.

Jumamosi iliyofuata hakuleta nyama. Alikuja akisukuma baiskeli yenye godoro, mke wake nyuma akiwa amebeba sufuria, na mjukuu wao, msichana wa kama miaka saba, amemshika bibi yake sketi. Vijana walikuwa wamefika hadi Nzilo. Walimpa mpaka jioni awe ameondoka.

Alikaa kwenye kiti chetu bila kuegemea. Alimwambia baba, "Ndugu yangu, mi nakuachia bangombe. Ni miezi mbili ao tatu tu. Hii mambo itapita, nitarudia."

Ng'ombe hao walikuwa mali yake yote. Hakuwa na nyumba wala shamba mahali popote. Alimfundisha baba vipande saba palepale, akichora kwa kidole juu ya meza: lini kuhama, kipande kipi kipumzike, lini kuvuka dembo kwenda kipande cha saba na, zaidi ya yote, lini kutoka huko. Kabla pepo za mwezi wa nane hazijaanza, alisema, muwe mmesharudisha ng'ombe upande huu. Upande huu majani ni mafupi, moto hauna la kufanya. Kule ng'ambo majani yanafika kifuani, na wawinda panya wanachoma pori kila mwaka.

Alirudia jambo hilo mara tatu. Ila jambo moja hakulisema, na nimelifikiria maisha yangu yote. Nadhani kwake lilikuwa wazi mno, kama vile mtu asivyokwambia kwamba mlango unafunguliwa kwa mkono.

Baba hakuwa na kazi tena ofisini, na mimi, binti yake, niliyekuwa nasomea ualimu, nilikuwa nyumbani kwa kuwa shule yetu ilikuwa imefungwa. Tukahamia Nzilo, katika kibanda cha mzee. Tuliogopa, maana hatukuwahi kuchunga hata mbuzi. Lakini kazi ikawa rahisi kupita tulivyofikiri. Siku ya kuhama kipande baba alipiga mbinja nyuma ya ng'ombe, nao wakajipanga na kwenda. Dembo lenyewe, ambalo watu walituambia limewahi kumeza trekta, walilivuka kwa mstari mmoja, wakipinda huku na huku juu ya ardhi ngumu ambayo jicho langu halikuiona. Baba alifurahi kama mtoto. "Unaona?" aliniambia. "Ni kazi ya akili. Bangombe banajua mutu mwenye akili." Nilimtania kwamba kumbe amepoteza miaka ishirini kwenye makaratasi.

Mbele ya mstari kila mara alitangulia jike mmoja mzee, mweusi, pembe moja imekatika, mkia wake una kishungi cheupe. Hakuwa na maziwa. Hakuzaa tena. Wateja wa Kapata walimjua, maana walikuwa wakimuuliza mzee mwaka hadi mwaka kwa nini anamlisha bure badala ya kumchinja. Mzee alicheka tu.

Mwezi wa saba baba alishuka mjini kumwangalia mzee na familia yake stesheni. Alirudi siku ya pili, na nilipomwona anateremka kwenye baiskeli nilijua kwamba amelia njiani. Treni haijaja. Watu wanalala chini ya maturubai, wengine wanazikwa nyuma ya reli. Mzee amebaki masikio. Mke wake anakohoa damu, na nywele za yule mtoto zimeanza kuwa nyekundu kwa kukosa chakula.

"Tunachinja moja yao," baba alisema. "Tunakausha nyama, tunabapelekea. Ni ngombe yake, ni haki yake. Lakini gani?"

Alisema majike yote mengine yana mimba au ndama, na kumpunguzia rafiki yake uzao ni wizi. Madume mawili yalikuwa ya mbegu. Mimi ndiye niliyejibu. Sikusita hata kidogo, tena nilijiona mwerevu.

"Ule muzee," nilisema. "Hazalake tena. Kumuchinja ule hatuharibu kitu."

Baba aliniangalia kwa fahari ya mzazi. Tukamchinja kesho yake hukohuko kipande cha saba, tukaikata nyama vipande virefu, tukaianika siku tatu. Kwetu ukichinja mnyama wa mtu asiyekuwepo unampelekea mkia wake, ajue hukuuza ukadanganya kwamba amekufa. Nilifunga ule mkia wenye kishungi cheupe juu ya kifurushi, na safari hii nilikwenda na baba, kwa sababu nilitaka kuona uso wa mzee akipokea.

Nyama alipokea mke wake. Alianza kulia, akashika mikono ya baba, akamwita mwana wa mama yake. Mtoto alichukua kipande kikavu akaanza kukitafuna vilevile. Mzee alikuwa ameshika mkia. Aliugeuza mara moja, akaulaza juu ya magoti yake.

"Bengine bako wapi?" aliuliza.

"Bako ku kipande ya saba, Tata," baba alisema. "Bananona. Majani ni mingi."

"Bote?"

"Bote."

Mzee alikisugua kile kishungi cheupe kwa kidole gumba mpaka nikaanza kuona haya bila kujua kwa nini. Kisha akasema polepole, bila ukali wowote, kwamba jike yule ndiye aliyeijua njia ya dembo. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na mzee mwenyewe, kwa kamba, kwa muda wa kiangazi kizima. Wengine hawaijui njia. Wanajua kumfuata yeye.

Akasimama na kuanza kutafuta viatu vyake. Mke wake alimshika shati kwa nyuma. Nje ya stesheni walikuwa vijana wenye mapanga, na treni ingeweza kuingia wakati wowote, na asiyekuwepo angepoteza nafasi. "Ukienda, mi nabaki na nani?" mke wake alimwuliza. Alibaki amesimama na kiatu kimoja mkononi. Baadaye akakaa, akatueleza la kufanya: tumfunge kamba jike mmoja kijana, mtulivu, tumtangulie kwa chumvi, tujaribu ardhi kwa fimbo kila hatua. Tusiwapige. Wakipigwa hawataisogelea njia tena.

"Mukono yenu iko muzuri," alisema tulipoaga. "Mutaweza."

Tulijaribu siku tisa. Baba alitangulia matopeni na fimbo, mimi nikavuta kamba na kushika chumvi. Jike wa kwanza alizama hadi tumboni hatua ishirini tu kutoka ukingoni, tukamtoa kwa magogo kuanzia asubuhi hadi alasiri, na wengine waliotazama wakakimbia juu kilimani. Siku ya tano tulifika katikati na wawili. Nilipogeuka kuwaita wengine wale wawili wakageuka nami. Upande mmoja wa kipande kile kuna ziwa, upande mwingine magenge ya mawe ambayo sisi tuliyaparamia kwa mikono, lakini ng'ombe hawakuwa na pa kuzungukia. Baba akaanza kulima ukanda wa udongo mtupu kuzuia moto. Mikono ya karani ilipasuka na kutoa damu, na ukanda wake haukufika hata robo ya mahali palipohitajika. Nilimpigia kelele apumzike, akanijibu kwamba hajui kupumzika kunafanywaje.

Siku ya kumi, mchana, upepo ukatuletea harufu. Tulikuwa upande huu, tukitoka kuchukua chumvi. Moshi uliinuka nyuma ya kilima kule ng'ambo, mweupe kwanza, halafu wa manjano. Ng'ombe walishuka mbio hadi ukingo wa dembo. Hapo wakasimama. Walijipanga kwa mstari, vilevile kama siku zote, na nafasi ya mbele wakaiacha wazi. Walikuwa wanangoja aingie yeye kwanza.

Baba aliingia matopeni akiwaita. Aliwaita kwa sauti ya mzee, kwa mbinja, kwa majina ya rangi zao. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali alipozama hadi kifuani. Moto ulipowafikia, wengine waliruka wakakwama, wengine walirudi walikotoka. Sitaeleza zaidi. Nimeshajaribu kuandika mahali hapa mara nyingi na kila mara nimechana karatasi.

Kabla jua halijazama watu walifika kutoka vijijini na mapanga na mabeseni. Hatukumzuia mtu. Wiki ile nyama ilijaa soko la Kapata, watu ambao hawakuwa wameonja nyama tangu mishahara ikatike wakala mpaka wakachoka. Mama alikwenda sokoni kama kila mtu. Alirudi na fungu dogo, akalipika bila kusema ni la wapi, na kwenye mchuzi ule kulikuwa na harufu ya moshi ambayo hakuna nyanya ingeificha. Tulikula na bukari, ugali wetu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofanya.

Baba hakuweza kwenda stesheni. Alilala akitazama ukuta. Nikasema nitakwenda mimi, maana ulimi uliomchagua yule jike ulikuwa wangu, na njia nzima nilikariri maneno: Tata, tulishindwa, bangombe baliungua, utusamehe. Nilikuwa nimeyashika barabara.

Nilikuta treni imekuja. Mabehewa ya wazi, yale ya kubebea madini, yamejaa watu hadi juu, na magodoro na masufuria na milango iliyong'olewa. Nilitembea kando ya reli nikitafuta masikio makubwa. Alikuwa behewa la karibu na mwisho, amempakata mjukuu wake. Mke wake sikumwona.

"Mama alituacha juzi," alisema kabla sijauliza. "Tulimuzika pale nyuma."

Nilishika ukingo wa behewa, chuma kilikuwa cha moto. Akainama karibu nami, macho yake yakatulia kwenye mdomo wangu kama mtu anayesoma.

"Balivuka?"

"Ndiyo, Tata," nilisema. "Balivuka bote."

Alifumba macho. Uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza katika miezi ile nikamwona mzee yule wa Jumamosi. Akaanza kunipa maagizo haraka haraka, maana treni ilikuwa imepiga honi: kipande cha kwanza tukiache hadi mvua ya pili, tusiuze jike hata mmoja, chumvi ya wiki tusisahau. Nilisema ndiyo kwa kila neno. Treni ilipoondoka aliinua mkono wa yule mtoto ili naye anipungie.

Nilidhani uongo ule umekwisha pale. Baada ya mwaka, mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa asili ya Maniema, mwenye lori lililokwenda Sandoa na kuendelea hadi Kasai, alituletea barua. Mzee yuko hai. Anauliza ng'ombe wanaendeleaje, wamezaa wangapi, na kipande cha nne kimepumzika vya kutosha au bado. Baba aliisoma, akanirushia mapajani.

"Ule mutoto uliyezala ni wako," alisema. "Mulishe weye."

Nikamlisha. Ningeweza kuandika ukweli, karatasi ilikuwa mbele yangu. Nikaandika kwamba ndama watatu wamezaliwa. Mwaka uliofuata wawili, na mmoja wao nilimpamba zaidi, nikasema ni jike mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, anamfuata baba kila mahali kama mbwa. Mzee alifurahi sana na huyo mwekundu. Katika kila barua alimwulizia. Nikalazimika kumkuza, kumwuguza kuhara, kumpa mimba. Nilikuwa tayari mwalimu, nasahihisha insha za watoto na kuwaandikia pembeni waandike mambo ya kweli waliyoyaona.

Nilitamani aache kuandika. Nasema wazi, nilitamani afe, ili nipumzike.

Mwenye lori ndiye aliyenifungua macho, bila kujua. Alikuwa anakunywa chai kwetu, akatusimulia habari za mzee kama kichekesho. Ndugu zake huko walimpa shamba mara mbili, na mtu mmoja alitaka wafuge mbuzi pamoja, akakataa yote. Alisema hawezi kujifunga huko, yeye ana ng'ombe zake Nzilo, anangoja njia ifunguke. Analala kwenye chumba cha kuazimwa, juu ya mkeka, na mjukuu wake haendi shule. Baba aliweka kikombe chini akatoka nje. Niliandika barua ya ukweli juma lile. Niliibeba kwenye mkoba wangu wa shule mpaka kona zake zikalika, na lori lilipokuja tena nilimpa mwenye lori nyingine, yenye ndama.

Baba alifariki. Barua za mzee nazo zikakoma. Nilihesabu kukoma huko kama huruma ya Mungu, nikaolewa, nikazaa.

Halafu mchana mmoja lori lilisimama mbele ya nyumba yetu ya Kapata na akashuka mwanamke kijana, mtoto amefungwa mgongoni. Sikumtambua hadi alipogeuka, maana masikio yale hayana mfano. Alipiga goti kidogo kunisalimu, akaniita mama mdogo. Alisema babu yake alimwambia kwamba hapa ndiko kwao.

Nilimpa maji. Alikunywa yote, kisha akanieleza, kwa adabu, akitazama chini, kwamba babu alipokaribia kufa aliita watu na kugawa ng'ombe. Baba yangu alipewa wanne kwa kazi ya kulinda, na mimi wawili kwa kazi ya kuandika. Waliobaki ni wake. Mume wake amemwacha, hana kitu, ameuza vyombo vyake kupata nafasi kwenye lori. Hakuja kuchukua wote, alisema. Anataka mmoja tu wa kuanzia, na pale pa kumlishia, kama mama mdogo atamwonyesha vipande.

Mama yangu, mzee sasa, aliinuka akaingia ndani na kutuacha.

Nikamwambia. Nilimwambia kuanzia mkia hadi dembo, na treni, na barua. Sikujitetea. Sauti yangu ilitoka kavu kama ya mtu anayesoma tangazo. Alinisikiliza bila kusogea, mkono mmoja nyuma ukimpigapiga mtoto wake alale, mpaka nilipomaliza.

"Na ule mwekundu?" aliuliza. "Ule wa doa. Naye aliungua?"

"Hapana," nilimwambia. "Ule hakuzaliwaka."

Alitikisa kichwa taratibu kuonyesha kwamba ameelewa. Kisha akaniuliza kama lori litarudi Kasai leo au kesho.